Majira na Matairi ya Jipu katika Barabara ya Mongbwalu: Jaribio la Uainishaji

Wanazuoni wa Ulaya huyagawa matairi ya jipu kwa majira: ya kiangazi, ya baridi, na ya mwaka mzima. Mpaka wao ni nyuzi 7 za Selsiasi, kwa kuwa chini ya hapo mpira wa tairi la kiangazi hukakamaa. Mgawanyo huo ukifikishwa Mongbwalu, mkoani Ituri, chini ya digrii 2 kaskazini ya ikweta, tabaka la baridi linabaki bila mkazi. Barafu ya karibu iko kileleni Rwenzori, mita 5,109 juu ya usawa wa bahari, na dereva wa huko bado hajaomba ushauri.

Hata hivyo tairi la theluji lipo sokoni. Huja kwa mtumba, ubavuni limechorwa mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, na muuzaji huusifu mlima huo kama cheti cha nguvu. Kumbe mpira wake ni laini kwa makusudi. Kwenye joto la Ituri, juu ya changarawe, huliwa upesi. Napendekeza tabaka jipya: Wageni Waliopotea Njia.

Majira yenyewe nayo yana utata. Kalenda husema Desemba hadi Februari ni kukavu, na miezi mingine mvua. Barabara haisomi kalenda. Jipu huondoka Bunia katika kiangazi, hupita Iga-Barrière katika vumbi, na huenda likaingia masika kabla halijafika Kilo, pale lori lililotangulia lilipochimba handaki na kulala humo. Ndiyo maana nashikilia kuwa kipimo cha majira katika njia hii ni lori la mbele, si mwezi.

Kwa kipimo hicho familia tatu zinastahili kuchunguzwa. H/T, ya lami, ina meno ya chini na tabia njema mjini. Kwenye udongo mwekundu uliolowa hujaa tope na kugeuka andazi. M/T, ya matope, ina mabonde mapana yanayotema tope kadiri gurudumu linavyozunguka, lakini kwenye njia ngumu hunguruma, hula mafuta na kuisha mapema. Kati yao yupo A/T, wa njia zote, ambaye hashindi popote na hashindwi vibaya popote. Mwenye jipu moja na safari za Bunia amchukue huyo, na siku ya tope apunguze upepo kidogo, akikumbuka kuurudisha.

Land Cruiser za kazi zina ukoo wao: 7.50R16, lenye tyubu. Wasomi wa mjini hulidharau, ila fundi wa kijijini hulibandua kwa vyuma viwili, akaziba tyubu kwa kiraka, nanyi mkaendelea. Tairi pana lisilo na tyubu, ubavu ukichanika, haliponi kwa kiraka.

Maandishi ya ubavuni yanahitaji msomaji makini. Katika 265/65R17 112S, namba 112 ni mzigo wa kilo 1,120 kwa kila tairi, na S ni ruhusa ya kilomita 180 kwa saa, ruhusa ambayo njia hii haijawahi kuitia saini. Muhimu zaidi ni tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno mazima lililokaa ghalani miaka kumi lina mpira mkavu wenye nyufa. Na Prado, inayovuta kwa magurudumu yote muda wote, haivumilii matairi ya vimo tofauti. Gia za kugawa nguvu ndizo hulipia.

Limebaki tairi la akiba, ambalo uainishaji wote hulikwepa. Kinadharia ni sawa na wenzake wanne. Kwa desturi ni lile lililotolewa gurudumuni kwa kuwa kipara, likapandishwa mgongoni mwa jipu, likafunikwa kava jipya la ngozi.