Namna ya Kuisikitikia Mlimani

Kurudi Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, baada ya miaka mingi si jambo la kukurupukia. Wapo waliohitimu pale kwa daraja la kwanza, wakarudi kutembea, wakaaibika mbele ya watoto wao kwa sababu walisifu kitu. Mhitimu hasifu. Mhitimu husikitika. Kusifu ni kazi ya mgeni, na hata mgeni ana mipaka yake. Maelekezo haya ni kwa wanaotaka kupanda mlima ule na kushuka na heshima zao.

Anza na njia. Kuna wanaoingilia Ubungo Maji, na kuna wanaokata kona kutoka Barabara ya Sam Nujoma. Yoyote utakayotumia, lalamika kwamba siyo mliyokuwa mkipita ninyi. Ukiwa jirani na Mlimani City, yale maduka yaliyofunguliwa mwaka 2006 kwenye ardhi ya chuo, shusha kioo cha gari, nyoosha kidole, useme: "Hapa palikuwa pori tupu." Kama ulianza mwaka wa kwanza 2009 na sinema zako zote uliangalia humo humo ndani, sema hivyo hivyo. Abiria wako hawana tarehe.

Getini utamkuta polisi msaidizi, kijana. Usimsogelee kwa sura ya mtu anayetegemea kutambuliwa, maana hatakutambua. "Shikamoo mzee. Unaelekea kitengo gani?" Shikamoo hiyo itakuchoma, hasa kama moyoni bado uko mwaka wa pili. Itikia marahaba, kisha sema: "Natembea tu, mwanangu. Mimi ni wa hapa." Atakuomba kitambulisho.

Sasa nenda moja kwa moja Ukumbi wa Nkrumah. Watu wote huenda hapo kwanza, na wana haki. Paa lile la zege, mtu akiliona mara moja halisahau, hata kama mhadhara aliousikia chini yake aliusahau kabla ya chakula cha mchana. Mgeni apige picha akiwa amesimama mbele, mikono kiunoni. Mhitimu asipige picha. Asimame pembeni amekunja mikono, atoe simulizi la noti. Simulizi lenyewe ni hili: ukumbi huu ulikuwa kwenye noti ya shilingi 500. Kwenye noti ya mwaka 2003 nyati alikaa upande mmoja, Nkrumah upande wa pili. Ile ya 2010 ikamweka Mzee Karume badala ya nyati, ukumbi ukabaki nyuma. Ilipokuja sarafu ya 2014, nyati akarudi, Nkrumah akatolewa. Hapo nyamaza kidogo, uwaache wasikilizaji wafikie wenyewe hitimisho kuhusu nafasi ya wasomi katika uchumi wa nchi. Kama wana akili watacheka. Wasipocheka, endelea na jengo linalofuata.

Kabla hujafika mbali utakutana na mhitimu mwingine, na hapa ndipo wengi huumbuka, kwa kuwa hawajui kanuni ya mashindano. Kanuni ni moja: aliyetangulia ndiye mshindi. Wewe uliyesoma miaka ya 2000 utaeleza mlivyobebana, wawili kitanda kimoja, mmoja akiwa na jina kwenye karatasi ya bweni na mwingine akiishi kwa huruma ya Mungu na ya mlinzi. Utaeleza mlivyolisubiri bumu, hela ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, hadi mkajua ladha zote za chai bila sukari. Unadhani umeshinda. Atasimama mzee wa miaka ya 1970, mwenye koti, akuambie kwa upole kwamba enzi zao mwanafunzi alilishwa kwa gharama ya serikali, mkahawani kulikuwa na vitambaa mezani, na hakuna aliyebeba ndoo ya maji kupanda ngazi. Utashangaa: wewe ulishindana kwa shida, yeye kashinda kwa raha. Ndivyo ilivyo. Mlimani mateso na neema huhesabiwa kwa pointi zilezile, mradi viwe vya zamani.

Mshindi wa wote ni yule asiye na kampasi kabisa. Chuo kilianza Oktoba 1961 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, ndani ya jengo la TANU pale mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi ambao wangeenea kwenye daladala moja wote wakiwa wamekaa. Mlima huu ulihamiwa mwaka 1964. Kwa hiyo ukibahatika kukutana na mwanasheria wa kundi lile la kwanza, vua kofia, usibishane naye. Hana bweni la kulilia. Ndiye mtu pekee duniani anayeruhusiwa kusema chuo kimependeza.

Kuhusu majirani wa bweni, tuelewane. Yoweri Museveni, baadaye Rais wa Uganda, alisoma hapa kuanzia 1967 hadi 1970, akawa mwenyekiti wa umoja wa wanafunzi wanamapinduzi, USARF, uliokuwa na jarida lake la *Cheche* hadi vyote viwili vilipopigwa marufuku 1970. Hiyo ni historia. Kisichokuwa historia ni idadi ya wazee waliolala chumba cha jirani yake. Nimewasikiliza wengi kwenye misiba na harusi, na kwa hesabu yangu bweni lile lingehitaji ghorofa thelathini. Vivyo hivyo kwa mwanahistoria Walter Rodney. Alifundisha hapa, na kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilichapwa 1972, London na Dar es Salaam. Aliondoka 1974. Kama ulizaliwa 1980 huwezi kusema alikufundisha, lakini unaweza kusema alimfundisha aliyekufundisha, na ukilitamka haraka hakuna atakayeigundua ngazi iliyorukwa.

Pale uwanja wa mapinduzi, ambapo migomo mingi ilianzia, kila mhitimu lazima awe na mgomo wake. Asiye na mgomo hajahitimu, amepewa cheti tu. Chagua kwa uangalifu. Ule wa Oktoba 1966 una hadhi ya juu kabisa: wanafunzi karibu 400, baadhi wakiwa na majoho, waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambapo msomi angekatwa sehemu kubwa ya mshahara wakati wa utumishi wake. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akawafukuza chuo, na akatangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Ule wa Machi 1978, wa kupinga wabunge na mawaziri kujiongezea marupurupu, nao ni mzuri, mamia walirudishwa makwao. Jihadhari kidogo usimulie mgomo upi mbele ya nani: wa kwanza wanafunzi waligoma kwa ajili ya mishahara yao, wa pili kwa ajili ya mishahara ya wakubwa, na mzee wa 1966 huwa hapendi tofauti hiyo itajwe mezani. Mgomo wako wewe, ule wa bumu kuchelewa wiki mbili, uweke mfukoni.

Kuna kumbukumbu moja ambayo kejeli yangu inagoma kuigusa. Utamsikia mhitimu wa miaka ya 1980 akimsifia Mzee Punch, yale maandishi na michoro isiyo na jina la mwandishi iliyobandikwa ukutani kuwasema watu, akicheka mpaka machozi. Februari 1990 msichana wa mwaka wa kwanza aliyeandamwa na kundi lililokuwa nyuma ya maandishi hayo alijitoa uhai, na Punch ikapigwa marufuku. Anayecheka mara nyingi huwa amekwisha kufika kwenye kichekesho kinachofuata kabla hujamkumbusha. Mkumbushe tu.

Tuendelee na maktaba, maana hapo ndipo mgeni na mhitimu hugawanyika waziwazi. Maktaba ya zamani ina jina la Dakta Wilbert Chagula, Mtanzania wa kwanza kukiongoza chuo hiki kilipokuwa bado chuo kishiriki. Mpya ilijengwa kwa msaada wa China, ikazinduliwa na Rais Magufuli Novemba 2018. Ina nafasi ya vitabu 800,000 na wasomaji zaidi ya 2,000 kwa wakati mmoja. Mgeni ataduwaa, na aruhusiwe kuduwaa, kwa kweli ni jengo kubwa. Mhitimu yeye aingie, aangalie juu, apige hatua tatu, aulize kwa sauti ya chini: "Lakini je, wanasoma?" Swali hili lina ubora wa pekee. Halijibiki, halihitaji ushahidi, na linamfanya muulizaji aonekane alikuwa msomaji. Wale waliosoma naye wanajua kwamba kwa Chagula alikwenda kwa ajili ya feni, na mitihani yote aliivuka kwa madesa yaliyotolewa fotokopi hadi herufi zikafifia. Wanajua pia ni sapu ngapi alizipata, na ni kwa tundu gani la sindano alipita asidisko, yaani asifukuzwe kwa kufeli. Hawatasema. Nao wana zao.

Ukiongozana na mhandisi, mpeleke hosteli zilizofunguliwa Aprili 2017, majengo 20 ya kulaza wanafunzi 3,840, yaliyojengwa kwa shilingi bilioni 10. Mwishoni mwa mwaka uleule picha za mipasuko kwenye kuta zilizagaa kila mahali, na wajenzi wakaeleza kwamba ni nafasi zilizoachwa kitaalamu ili jengo lipate kutanuka. Muulize mhandisi wako maoni yake, kisha tafuta pa kukaa. Atakueleza mambo ya joto, mambo ya zege na mambo ya zabuni, kwa mpangilio huo, na sauti itazidi kushuka kila anapobadili mada. Wakati anaongea, watazame wanafunzi wanaoingia na kutoka. Wana vitanda. Waliobebana miaka ile wangeikubali mipasuko mitatu kwa kitanda kimoja na chenji wasidai.

Neno kwa mgeni pekee. Tumbili wa Mlimani ni wakazi, wewe ndiye unayepita. Usile ndizi ukitembea. Usiache chipsi juu ya boneti la gari ukienda kupiga picha ya Nkrumah. Usimkemee tumbili kwa Kiingereza, hajali. Na kama wewe ni mzazi uliyekuja kwenye mahafali na sare ya kitenge mliyoshona ukoo mzima, usimwombe mwanao akutembeze kila jengo alilosomea. Kuna majengo hayajui, na anafahamu kwamba hupaswi kulijua hilo leo.

Majina ya majengo huhitaji ustadi. Chuo hubadilisha: kitivo hugeuka koleji, idara hugeuka skuli, na mlango uliokuwa wa mkuu wa kitivo sasa una bango la mradi. Mhitimu asisome mabango. Atumie majina ya zamani kwa ukali, hasa akiwa anauliza njia, ili mwanafunzi aliyeulizwa ajione yeye ndiye aliyepotea. "Kijana, Kitivo cha Uhandisi, FoE, kiko wapi?" Kijana atakuonyesha upande ambao siyo, kwa adabu zote, kwa kuwa alifundishwa nyumbani asimjibu mkubwa kuwa hajui.

Jioni ikifika, wahitimu hujikuta Udasa, klabu ya wanataaluma wa chuo, kwenye viti vya nje, mbele ya nyama na vinywaji. Hapo husikitika kwa pamoja, na ni jambo zuri kulishuhudia. Mmoja atasema majani hayakatwi. Mwingine atasema vyoo vya mabweni ni aibu ya taifa. Wa tatu, aliyekunywa zaidi, atasema kwamba Waingereza wa Norman and Dawbarn waliochora ramani ya kampasi hii wangelia wakiona vibanda vilivyoota kati ya majengo yao. Wote watakubaliana kwamba lazima kitu kifanyike. Meza itapigwa ngumi. Mtu ataanzisha kundi la simu papo hapo, atalipa jina lenye neno "Okoa", na kabla bia hazijaisha litakuwa na wanachama kutoka Bukoba hadi Toronto.

Dada mmoja mwenye kalamu, siku zote huwa ni dada, atageuza karatasi ya bili na kuandika juu yake: Ukarabati wa Vyoo, Ahadi. Ataanzia upande wako. Simama taratibu, shika simu sikioni, sema "Haloo, ndiyo Profesa," na utembee kuelekea kwenye gari. Usikimbie, pale kuna giza na mizizi ya miti.