Vinyonga Wamekimbia, Viti Vimebaki

Anayedai kwamba mwanangu hawezi kutulia hajamwona akimtazama kinyonga. Atachuchumaa kwenye michongoma asubuhi nzima, kamasi za baridi ya Juni zinamchuruzika, wala hana habari nazo. Lakini mketishe mezani umwambie, "Leo ngeli," papo hapo anashikwa na kiu, anabanwa na mkojo, kisha anasikia lori la kabichi likibadili gia kwenye kona za Soni, umbali ambao hata redio yetu haisikii vizuri.

Likizo ya Juni hapa Lushoto ni ukungu mpaka dirishani. Wajerumani waliipenda baridi hii hadi wakauita mji Wilhelmstal, kwa jina la Kaisari wao. Sidhani kama kuna aliyeijaribu akiwa na jiko la mkaa na mtoto wa darasa la nne.

"Kiti kimevunjika," nikaanza.

"Viti vimevunjika," akajibu, macho yako uani. "Mama, na kinyonga?"

"Kinyonga amepanda. Vinyonga wamepanda."

"Mbona anaanza na ki?"

"Ni kiumbe hai. Anaingia A-WA."

"Na akifa?"

"Kinyonga amekufa."

"Kwa hiyo kinyonga mfu yuko na walio hai, halafu mparachichi ulio hai uko U-I?"

Nilikohoa. Mwalimu ana haki hiyo. Mjini kwetu kipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama, wanakofundishwa mahakimu na majaji, nami nashuku hewa ya kule inashuka mpaka kwangu, maana hoja ilipokwama mtoto alitoka kwenda kuleta kielelezo. Alirudi nacho juu ya kijiti, dume lenye pembe mbili puani, jicho moja linanitazama mimi na jingine linatazama daftari. Akalitua juu ya ngeli ya LI-YA.

Bibi yake ndiyo kwanza anaingia na chupa ya chai. Wazee wengi wa huku hawataki utani na kinyonga. Chupa ilifika chini kabla ya salamu.

"Shikamoo bibi!"

Marahaba ilitokea jikoni, mlango umeshafungwa kwa ndani.

Baada ya kufuta chai nikaona tuandike sentensi tu. Akaandika: "Jana Kinyonga alikula panzi." Nikaizungushia K kalamu nyekundu, nikamweleza kwamba herufi kubwa ni ya mwanzo wa sentensi au jina maalumu. Hapo ndipo nilipojuta kuwa na mdogo wangu anayetembeza watalii msitu wa Magamba. Anko alishamwambia kwamba mwaka 2006 wanasayansi walilipa jenasi jipya la vinyonga jina Kinyonga, neno letu hilihili, na kwamba huyu wetu wa pembe mbili yumo. Katika vitabu vyao linaandikwa kwa herufi kubwa.

"Wao ni madaktari," akasema kwa upole, kama anayenionea huruma. "Wewe unazo digrii ngapi, mama?"

Nikahamia simulizi. Nilimsimulia kutoka Habari za Wakilindi, kazi ya Abdallah bin Hemedi, jinsi Mbegha alivyotoka Ungulu na mbwa wake akiwinda nguruwe na kugawa nyama, hata alipofika Vuga na kuua simba Washambaa wakamfanya mfalme. Alisikiliza! Mdomo wazi, miguu imetulia. Nilikuwa naanza kujipongeza nilipofika tena kwenye mbwa.

"Mama! Mbwa wetu hajala."

Akatoka mbio. Mfalme wa Usambara akabaki Vuga peke yake, amemkanyaga simba, anangoja msikilizaji arudi. Hakurudi mpaka adhuhuri.

Mwishoni mwa likizo nilimpa insha, "Likizo Yangu," mwanzo, kiini na mwisho. Akaiandika bila kunyanyua kichwa, na mimi nikatembea kwa ncha za vidole nisimshtue. Kiini chake kilikuwa hiki: "Likizo ilikuwa nzuri isipokuwa asubuhi. Mama yangu ni mtu mzuri lakini hatulii. Kila nikianza kumweleza habari za Kinyonga yeye anakatiza, anataka tuzungumze juu ya viti vilivyovunjika. Viti vyetu vyote ni vizima."

Nilipekua ngeli moja baada ya nyingine, kalamu nyekundu mkononi. Zote zilikuwa sahihi, jambo lililoniudhi zaidi.