Mwanangu Aje Jioni Tu

Kwa Mwalimu Mkuu wa shule anayosoma mwanangu (jina nalihifadhi, mtoto bado yuko mikononi mwenu),



Karatasi yenu ya twisheni imenifikia, imebanwa kwa pini kwenye shati la mwanangu wa darasa la nne kama bei kwenye gunia la mchele. Elfu moja kila siku, saa tisa na nusu hadi saa kumi na mbili, na asiyelipa "tusilaumiane kwenye matokeo". Mmeongeza kwamba Korea Kusini watoto husoma hadi usiku, ndiyo maana wanaongoza.

Kweli wanasoma. Vituo vyao huitwa hagwon. Ila habari hamkuimalizia: Seoul vituo hivyo vinatakiwa kufungwa saa nne usiku, na waliokwenda Mahakama ya Katiba kuipinga amri hiyo walishindwa mwaka 2009. Serikali ikafikia kuwapa zawadi wanaovichongea vituo vinavyokiuka. Halafu kuna Estonia, ambayo sijasikia mkiitaja. Huko mtoto huanza darasa la kwanza akiwa na miaka saba. Kwenye mtihani wa kimataifa wa PISA wa 2022, Korea walipata 527 katika hisabati, Estonia 510. Alama kumi na saba, Mwalimu.

Lakini mimi ni mtu wa genge, ya Seoul nayaacha. Nimefungua daftari la hisabati. Juu limeandikwa "Kujumlisha sehemu", mfano mmoja, kisha mstari, kisha: "Tutaendelea jioni." Ya jioni yana daftari lake dogo: mifano minane, yote imesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Mwalimu ni yuleyule, ubao uleule, na dawati lilelile lenye msumari uliomchania mwanangu kaptula.

Huku gengeni, ukimpimia mteja nusu kilo kwa bei ya kilo, ukamwambia iliyobaki aifuate jioni na hela nyingine, utaitwa jina moja tu, na si mwalimu.

Sitaki ugomvi. Kwa kuwa somo lenyewe ni la jioni, naomba mwanangu asubuhi abaki nami tupange nyanya. Saa tisa na nusu atakuwa hapo, ameshakula, ameoga. Hela ya uji niliyolipa muhula mzima msinirudishie. Ihesabuni twisheni ya wiki ya kwanza.

Wako mtiifu,
Mzazi, darasa la nne B