Shemeji Anunua Farasi

Shemeji yangu ameishi Fort Worth muda wa kutosha, hata kofia ya mchunga ng'ombe haivui mezani. Kilichobaki, kwa maoni yake, ni farasi. Si wa kupunga upepo jioni, bali farasi wa kutenga: yule anayeingia kundini taratibu, akamtoa ng'ombe mmoja, kisha akamzuia asirudi kwa wenzake. Ng'ombe akienda kushoto, yupo. Akienda kulia, yupo, kama mdai mlangoni. Mashindanoni mpandaji hupewa dakika mbili na nusu, na ng'ombe akishatengwa, mkono wenye hatamu hushushwa shingoni mwa farasi. Kuanzia hapo aliye juu ni abiria.

Nikateuliwa mtaalamu, eti kwa kuwa nimezaliwa Lamu, na Lamu kuna punda. Utaalamu wangu wote wa punda ni kusikia "Simile!" na kujibana ukutani. Lakini shemeji akikuomba jambo mbele ya dada yako, utakataaje?

Tukaenda Weatherford, magharibi ya Fort Worth, mji unaojiita makao makuu ya dunia ya farasi hawa. Wauzaji wa kule ni waungwana. Hukukaribisha chai ya barafu, hukuuliza hali ya mama yako, na hawasemi uongo hata mmoja. Husubiri tu uulize swali lisilo sahihi.

Farasi wa kwanza alikuwa mpole ajabu. Ila jua halijapanda, hakuna aliyempanda, na shingo imelowa jasho. "Kanyoosha miguu kidogo," mwenyewe akatuambia. Farasi aliyekimbizwa mduara tangu alfajiri, hata ungempandisha bibi harusi angetulia. Nikamfunua mdomo, maana nimesikia meno hutaja umri. Niliona meno marefu, ya manjano, yasiyonitajia chochote, nikatikisa kichwa kwa masikitiko. Mwenyewe akahamaki. Akanikumbusha farasi Old Hub, aliyeshinda mashindano ya kutenga kule Haskell mwaka 1898 akiwa na umri wa miaka 22. Alimtaja kwa uchungu, ungedhani ni marehemu mjomba wake.

Wa pili alikuwa mzuri wa kupigwa picha. Daktari wa mifugo tuliyemlipa wenyewe (wa muuzaji utapendekezewa kwa ukarimu mno, kataa) akaukunja mguu wake wa nyuma, akaushikilia kitambo, akauachia na kuagiza akimbizwe. Hatua za kwanza farasi akachechemea. Muuzaji akatazama mbingu iliyokuwa nyeupe pe, akasema huenda mvua ikanyesha.

Wa tatu alikuwa jike mfupi, kichwa kikubwa, kasimama kizembe mguu mmoja wa nyuma kaulegeza. Huyu muuzaji wake hakumsifu hata kidogo, na hapo ndipo ningeshtuka kama ningekuwa mtaalamu kweli. Alisema tu, "Shika pembe ya tandiko." Shemeji akaitikia kwa heshima, akapanda, akaingia kundini. Ndama mwekundu akatoka. Hatamu zikashushwa. Jike akainama, masikio mbele, usingizi wote umemtoka.

Ndama akaruka kushoto. Jike akaruka naye. Shemeji, ambaye mkono wake mmoja ulikuwa shingoni na wa pili umewahi kushika kofia, akaendelea mbele peke yake.

Jambo ambalo hadi leo dada yangu hutaka nilisimulie kila tukipata wageni ni kwamba jike hakugeuka kumtazama. Aliendelea na kazi, tandiko tupu mgongoni, akimzuia ndama huku na huku hadi ndama mwenyewe akakata tamaa na kusimama. Alifanya vizuri zaidi, tuseme ukweli.

Shemeji akainuka, mchanga umejaa masharubuni, akauliza bei. Akatajiwa. Akameza mate, akauliza kama tandiko limo humo.

"Tandiko bei yake mbali," muuzaji akasema. "Ila hujalitumia sana, nitakupunguzia."

Tulimnunua.