Mshenga na Siafu

Mtaani kwetu, chini ya Milima ya Uluguru, kila mtu ni bingwa wa kuangamiza wadudu wa jirani. Vichuguu vidogo vya udongo laini vilipoanza kuchomoza kwenye ukoka wetu, mwenye duka alisema tumwage mafuta ya taa, ambayo yangeua ukoka kwanza. Kinyozi akasema jivu. Shemeji, asiye na bustani wala kopo la maua, akaja na kilo ya sembe: wakila watavimba, wapasuke. Hakuna aliyeinama kutazama ni wadudu gani.

Walikuwa sisimizi. Sisimizi mkubwa hamezi kitu kigumu. Hunyonya majimaji tu. Chembe za chakula huzipeleka shimoni kwa mabuu wao, ambao huzimeng'enya kwa niaba ya wakubwa. Shemeji, kwa maneno mengine, alikuwa amefadhili chekechea nzima.

Kinachowaweza ni asidi ya boriki kwenye maji ya sukari, asilimia 1 hivi, katika kifuniko kilichowekwa mbali na watoto na kuku. Sumu iwe hafifu, ili mdudu afike nyumbani salama na kumgawia malkia. Shemeji hana subira hiyo. Alitia konzi nzima, wakafia palepale kifunikoni, naye akatuita tuhesabu maiti. Malkia chini huko aliendelea kutaga.

Majimoto wa kwenye mwembe tuliwaacha. Wao hushona majani kwa nyuzi za mabuu yao, hawachimbi bustani, na huko pwani hulinda minazi dhidi ya wadudu waharibifu. Wanauma, ndiyo, lakini nani alimtuma mtu kupanda?

Siafu ndio waliotuumbua. Ilikuwa masika, siku ya posa, viti vimepangwa kwenye ukoka, na msafara wao mweusi ukikata kona ya uwanja. Mama mdogo alisema, "Hao wapita njia, sogezeni viti." Na kweli, siafu hawana makazi ya kudumu, hawaoni, wanafuata harufu ya waliotangulia, na wanataka nyama, si sukari. Ukiwapisha wanapita. Shemeji akachukua dawa ya kupuliza, akaukata msafara katikati. Wakatawanyika uwanja mzima.

Mshenga alikuwa amefika kwenye "tumeliona ua katika bustani yenu" alipojipiga paja. Akajipiga na la pili. Akaruka. Wazee wetu walidhani ndizo mila za kwao, wakatikisa vichwa kwa heshima. Akina mama wakapiga vigelegele, naye kadiri walivyopiga ndivyo alivyozidi kuruka. Siafu askari haachii hata ukimvuta: kiwiliwili hung'oka, taya zikabaki. Hotuba iliishia nyuma ya jiko, na suruali yake tuliiona juu ya ukuta kabla hatujamwona yeye.

Kesho yake siafu walikuwa wameondoka. Mende wa jikoni nao hawakuonekana, na mama mdogo akatamba kwamba hakuna fundi aliyewahi kutufanyia kazi hiyo bure.

Mshenga alirudi kuchukua jibu siku ya jua kali, kavaa mabuti ya mvua. Kiti cha bustanini alikikataa. Alipoulizwa kama lile ua bado wanalitaka, akasema wanalitaka sana, ila wangeomba wakabidhiwe sebuleni, kwenye sakafu ya saruji, na shemeji awe safarini.