Aliye Juu Mngoje Chini: Mwongozo wa Baiskeli Milima ya Taita

Mwongozo huu ni wa mgeni anayefika Voi na baiskeli ya gia 21, kofia ngumu inayong'aa na kaptula ya kubana, akaiangalia milima upande wa magharibi, akauliza, "Ni ile?" Ndiyo, ni ile. Voi iko kama mita 600 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Vuria kiko mita 2,208. Tofauti yake italipwa na mapaja yako, na haikopeshwi.

Wataalamu wa misitu huita vilele hivi visiwa. Dawida, Sagalla na Kasigau vimesimama katikati ya nyika ya Tsavo kama visiwa baharini, na msitu wa ukungu uliobaki huko juu una ndege na mimea isiyopatikana kwingine duniani. Nawe jitahidi uendelee kupatikana.

Kabla ya kuondoka Voi

Jaza maji. Ukiona umebeba mengi kupita kiasi, ongeza chupa moja. Kisha nunua patchi na solusheni, maana nyika hii imejaa mbigili na miiba ya migunga. Tairi zako huenda zimeandikwa ubavuni kwamba hazitoboki, lakini mbigili hausomi.

Ukipata pancha, mtafute fundi aliyeketi kivulini na karai la maji, umtazame kwa makini. Atazamisha tyubu majini, aone povu linatokea wapi, akwaruze kwa msasa, apake solusheni, apulize. Kabla ya kurudisha tyubu, atapitisha kidole gumba polepole ndani ya tairi, mzunguko mzima, akiutafuta mwiba wenyewe. Mgeni mwenye haraka huruka hatua hiyo, ndiyo maana fundi humuaga kwa kusema, "Tutaonana." Humwona kweli, kabla ya adhuhuri.

Lami ya kwenda Mwatate

Jiepushe na barabara kuu ya Mombasa na Nairobi. Malori ya kontena yana shughuli zao, na wewe si mojawapo. Shika lami ya Mwatate, kaa kushoto, na ukisikia honi nyuma yako usigeuke kuangalia ni nani. Si mtu unayemfahamu. Shika usukani vizuri, mpishe. Upepo wa lori linalopita karibu hukusukuma pembeni kwanza, kisha hukuvuta kuelekea barabarani, na wengi hujiandaa kwa ule wa kwanza tu.

Kupanda

Ukitoka Mwatate kwenda Wundanyi, barabara huanza kujikunja. Hapo utashawishika kumuuliza mzee aliyeketi kando ya njia.

"Shikamoo, mzee. Wundanyi ni mbali?"

"Marahaba. Hapana, mwanangu, ni hapo tu juu."

Mzee hakudanganyi. Anakuhesabia mwendo wake, naye amepanda mlima huu tangu utotoni bila gia hata moja. Wewe zidisha mara nne.

Utapitwa na watoto wa shule, na mama aliyebeba mkungu wa ndizi kichwani, tena akiongea na simu. Usijaribu kumfukuzia. Ukisikia moyo unapiga masikioni, shuka, uikokote baiskeli. Wenyeji hukokota. Mwenye baiskeli ya Black Mamba na gunia la viazi kwenye keria hupanda akisukuma, mkono mmoja usukanini na mwingine kwenye gunia, wala hakuna anayemcheka.

Kushuka

Hapa ndipo mlima hukusanya madeni yake. Anayepanda hata akichoka vipi huishia kukaa chini na kunywa maji. Anayeshuka huwa amefurahi, na mtu aliyefurahi hapimi breki.

Pima zote mbili kabla ya kupanda kitini. Kama breki zako ni za mpira unaobana rimu, usizishike mfululizo kutoka kileleni hadi bondeni. Rimu hupata moto, na tyubu inaweza kupasuka mahali usipopapenda. Bana, achia, bana tena. Mvua ikinyesha, mpira uliolowa huteleza kwanza ndipo ukamate, kwa hiyo anza kubana mapema. Na usikamate ya mbele peke yake kwa nguvu: baiskeli itasimama, nawe utaendelea na safari.

Punguza mwendo kabla ya kona. Kuna wanaopendelea kupunguza wakiwa katikati ya kona. Hawa hufika chini haraka zaidi, ila si kwa barabara. Kwenye njia za marram, changarawe hujikusanya palepale tairi linapotaka kukanyaga. Sogeza makalio nyuma ya kiti, legeza viwiko, na macho yatazame unakotaka kwenda. Ukilikodolea macho shimo, utaliingia.

Nyuma ya kila kona yupo mtu: matatu iliyojaa, pikapu ya mboga inayowahi soko, mbuzi aliyefungwa kamba ndefu. Kamba ndiyo ya kuogopwa, kwa sababu mbuzi utamwona upande mmoja na kigingi chake kiko upande wa pili. Piga kengele. Ukungu ukishuka, washa taa hata kama ni saa nne asubuhi.

Tembo na nyuki

Ukirudi tambarare usijione umepona. Hifadhi mbili za Tsavo zimechukua zaidi ya nusu ya kaunti, na tembo hawajawahi kuonyeshwa mpaka. Tembo wa huku hujipaka udongo mwekundu hadi akafanana rangi na kichuguu. Kwa hiyo ukiona kichuguu mbele yako, kihesabu masikio. Kikiwa nayo, simama mbali, usipige kengele, usipite kati ya mama na mtoto, geuza baiskeli taratibu urudi ulikotoka. Picha utaziona kwenye simu za wengine.

Chini ya mlima Sagalla, wakulima wamezungushia mashamba uzio wa mizinga ya nyuki, kazi waliyoifanya pamoja na shirika la Save the Elephants. Mizinga hutundikwa na kuunganishwa kwa waya. Tembo akiusukuma, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, tembo hugeuza njia. Mgeni aliyechoka huuona uzio huo akadhani ni mahali pazuri pa kuegemeza baiskeli. Nyuki hawatakuuliza kama wewe ni tembo.

Jua likizama

Huzama mwendo wa saa kumi na mbili na nusu, na giza halichelewi. Uwe umefika. Magharibi ni saa ya tembo kuvuka barabara, na ni saa ya dereva mwenye taa moja kudhani barabara ni yake.

Usipokumbuka lolote katika haya, kumbuka hili: panapokutia shaka, shuka ukokote. Akikuuliza mtu mbona umekuja kwa miguu na baiskeli unayo, mwambie ilikuwa imechoka.