Hotuba Juu ya Pembe na Ganda la Yai

Mabibi na mabwana mliojaliwa bahati ya kunisikiliza,

Nimeitwa, kwa sababu ambazo unyenyekevu wangu haunipi ruhusa ya kuzitaja ila nikiombwa mara ya pili, nikate hukumu juu ya sebule ya jirani yetu hapa Mombasa, ambaye fundi rangi amemletea makopo mawili, moja la rangi ya pembe ya ndovu na moja la ganda la yai, naye asijue achague lipi, wala mkewe asijue, hata makochi yao yakalala uani.

Wajahili husema rangi hizi ni moja. Subhanallah! Asiyeweza kuzipambanua ni sawa na mpishi asiyejua kasimile na tui la pili. Ni kweli kwamba wazee wetu, waliochoma matumbawe tanuuni wakapata chokaa, hawakuwa na mashaka haya, kwani chokaa ilikuwa chokaa. Lakini wazee hawakuwa na mtaalamu kama mimi.

Basi tuanze na ilimu ya falaki. Vitabu vya Uingereza hufundisha kwamba chumba kielekeacho kaskazini hakipati jua, na kwa hiyo kipakwe rangi yenye umanjano ili kipate uchangamfu. Huko ni sahihi. Lakini Mombasa iko takriban digrii 4 kusini ya ikweta, na tangu katikati ya Machi hadi mwanzo wa Oktoba jua la adhuhuri hupita kaskazini yetu, hivi kwamba dirisha ambalo Mwingereza angelionea huruma, kwetu ndilo lipatalo nuru muda wote wa kusi. (Hapa fundi aliniuliza, kwa adabu, kama anaweza kwenda kula kwanza. Nilimkatalia.)

Kisha yuko Chevreul, Mfaransa aliyesimamia utiaji rangi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris, ambaye mwaka 1839 alichapisha kitabu kikubwa kubainisha kuwa rangi hugeuka machoni kwa sababu ya rangi iliyo kando yake. Makochi ya jirani yetu ni ya kijani. Yakirudishwa ndani, kiambaza cheupe kilicho nyuma yao kitaonekana kina wekundu kidogo, na lawama itamwangukia fundi maskini, ambaye hajui Kifaransa.

Kwa hiyo naagiza kila rangi ipakwe mikono miwili, kipande cha upana wa dhiraa, ikauke kabisa, itazamwe asubuhi, alasiri, na usiku taa ikiwaka, nami niwepo nyakati zote tatu, za chakula hasa.

Ama hukumu yangu ni ganda la yai. Na likiwa limekwisha dukani, pakeni pembe. Hapana mgeni atakayejua.